Kitufe cha Kuzima Sauti

Kabemba aliponisimulia haya nilimtukana, ingawa ni rafiki yangu na hajawahi kunidanganya. Anatengeneza kompyuta hapa Kolwezi. Wiki ile kampuni ya madini ilipokuwa ikitufukuza mtaani kama mbwa, Mama Mushiya alimwita nyumbani. Madirisha yalikuwa yamekwisha kupigiliwa mbao, na ndani kulikuwa giza mchana kweupe.

"Fanya mbio," alimwambia bila salamu. "Kesho banabomoa."

Kompyuta ilikuwa ya mwanawe Glodi, mchimbaji. Ilikuwa na mfumo wa Linux na ilikwenda polepole mno, kwa hiyo Kabemba akaondoa programu nzito inayochora menyu na aikoni kwenye kioo, akaiwekea nyingine nyepesi. Ikawa nyepesi, ila vitufe vya sauti vikafa. Akaanza kuvipangia kazi upya, kimoja kimoja.

Chini ya sakafu mtu alikuwa akichimba. Ko. Ko. Ko. Kabemba hakushangaa, maana mtaani kwetu watu huchimba kobalti chini ya vyumba vyao.

Akajaribu kitufe cha kuzima sauti. Kuchimba kukakatika. Akabonyeza tena. Ko. Ko. Ko.

"Mama, nani iko nachimba huku chini?"

"Hakuna mutu. Lile shimo tulifungaka na simenti mwaka jana, kisha Glodi kufia mule ndani."

Kisha Mama akapiga magoti, akalaza sikio sakafuni.

"Ongeza sauti," akasema.

Kabemba alikuwa amekwisha kuondoa mikono kwenye vitufe. Kwenye kioo, mstari wa sauti ulikuwa ukipanda wenyewe, hatua moja kwa kila pigo.