Sikio Ndani ya Pua

Mnisamehe mapema. Hadithi ya majini inataka mtu mwenye sauti nzito na uso wa msiba, na mimi hata msibani huwa naombwa nikakae nje. Lakini aliyekuwa kitandani ni mke wangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Ilianza na uzi. Mke wangu aliteleza kwenye ngazi akaangukia uso, pua ikabonyea katikati, pumzi ikawa inapita kwa kubembelezwa. Kaka yake ni daktari wa upasuaji, fundi wa pua. Akachukua kipande cha gegedu, ule mfupa laini, kutoka ukuta wa kati wa pua yenyewe, akakipachika na kukishona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe mwilini. Asubuhi uzi mzima ulikuwa juu ya mto, umeviringwa vizuri kama wa fundi cherehani. Pua imelala tena.

"Nani kafumua kazi yangu?" daktari akafoka.

"Kaka, mimi nilikuwa nimelala."

Akarudia kwa uzi wa kudumu, usioyeyuka. Safari hii mafundo yalifunguka mchana kweupe, mbele ya muuguzi tunayemwita Taratibu. Uzi ulitoka puani bila tone la damu, ukatambaa shavuni kama mdudu anayejua aendako. Taratibu siku hiyo alikimbia.

Daktari alibamiza glovu sakafuni. Akalaumu uzi, akalaumu sindano, akanilaumu mimi ambaye hata kifungo sijui kushona. "Gegedu la pua limekwisha! Limebaki la sikio au la ubavu."

"Ubavu niachie, kaka," mke wangu akasema, akipumulia mdomo. "Masikio ninayo mawili."

Basi sikio. Lina mkunjo wake wa asili, hukaa vizuri puani. Akalichonga, akalishona kwa uzi wa kudumu, fundo juu ya fundo, akinung'unika kama mtu anayefunga mbuzi mkorofi.

Mke wangu alipozinduka, akavuta pumzi ndefu kwa pua.

"Kaka, nasikia harufu!"

Daktari nusura acheze. "Harufu ya nini?"

"Siinusi, kaka." Sauti ikashuka. "Naisikia. Inaongea."

Hapo chumba kikajaa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na pazia likaganda ilhali feni inazunguka, na kutoka ndani ya bendeji, midomo ya mke wangu ikiwa imefumbwa kabisa, ikatoka sauti nyembamba ya mtu mwenye mafua, ikasema kwamba jini lilihamia mle tangu pua ilipobonyea, likapapenda, likawa linafumua kila ukuta uliojengwa juu yake, ila sasa halina haja tena ya kufumua, maana limepewa sikio.

Daktari alinivuta hadi mlangoni. "Shemeji," akanong'ona, "nalitoa hilo sikio. Naweka ubavu."

"Nimesikia," sauti ikajibu kutoka kitandani. "Gusa, niyavute mafundo yote kwa mpigo, tuone atapumulia wapi."

Tulinong'ona kwenye korido, likasikia. Tulinong'ona chooni, likatucheka. Tukabaki na ishara za mikono. Daktari akanionyesha kisu, mimi nikaelewa chai, nikaenda kununua.

"Na huyu ndiye aliyemwoa dada yangu!" akasema, akishika kichwa.

Mke wangu akanikamata mkono. "Mume wangu, linajinyoosha. Pumzi inaisha."

Niliketi kando yake, roho mkononi. Yaliyofuata nilisimuliwa na Taratibu, kwa sababu nilisinzia.

"Nini hicho?" jini likauliza.

"Shemeji yangu," daktari akajibu. "Anakoroma."

"Mwamsheni!"

Taratibu akaninyooshea mkono. Daktari akamzuia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu uzi wa kwanza, akatabasamu, akaburuta kiti changu mpaka mdomo wangu ukaelekea kwenye bendeji.

Likatishia. Likabembeleza. Likalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Mwisho harufu ya majivu ikaruka dirishani na kioo chake, na mke wangu akavuta pumzi, kwa tundu zote mbili za pua, mpaka mwisho.

Halijarudi. Pua imesimama, mafundo yameshika. Shida ni kwamba lile sikio halikuacha kusikia. Siku hizi mke wangu analala chumba cha watoto, mlango kaufunga kwa ufunguo, na anasema jini lile lilionewa.