Wa Mwisho ni Nani?

Kila asubuhi, kabla Eloy hajafumbua macho vizuri, Shangazi Reme alikuwa ameshavuta kamba ya pazia la mbao la roshani, na kelele za mtaa mzima wa La Viña zikaingia chumbani. Huyu anaita kutoka ghorofa ya pili, yule anajibu kutoka ya nne, na mwingine aliye chini njiani anachangia bila kuulizwa. Jikoni mkate ulikuwa unabanikwa, tayari kumiminiwa mafuta ya zeituni na kupakwa nyanya iliyosagwa. Bibi Encarna, mama mkwe wa shangazi, alikuwa ameshakaa mezani na kahawa yake ya maziwa, akisubiri mtu wa kumtania.

"Haya, mgeni," bibi alimwambia Eloy alipotokea. "Ulilala au ulizimia?"

"Nililala, Bibi."

"Basi ulilala kwa bidii sana."

Eloy alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu aletwe Cádiz, mji wa pwani ya Uhispania, kutoka Peñarrasa, kijiji cha milimani chenye watu ishirini na watatu na kondoo wengi kuliko watu. Shule ya huko ilifungwa kwa sababu mwanafunzi aliyebaki alikuwa ni yeye peke yake. Baba yake akampigia simu dada yake, Reme, wakakubaliana kwamba mwezi wa Septemba Eloy aanze masomo huku pwani.

Bahari hakuiogopa. Alichokiogopa ni kufungua mdomo. Watu wa Cádiz humeza nusu ya kila neno, na ile nusu inayobaki huisema mbio mbio. Eloy naye alitamka kila herufi kama walivyotamka wazee wa kwao. Siku ya tatu tu, Noelia, msichana wa ghorofa ya chini, alimsikia akiomba maji ya kunywa, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Jamani, njooni msikie! Anaongea kama mtu wa taarifa ya habari! Hii ni redio!"

Basi jina likawa Redio. Noelia hakuwa na roho mbaya, na pengine angeona Eloy anaumia angeacha. Lakini Eloy hakuonyesha. Aliamua tu kuwa mbele ya watu hatasema neno lolote.

Jumamosi ile Bibi Encarna alikuwa anatimiza miaka tisini. Hakutaka keki wala maua. Alitaka urta, samaki mwekundu wa jamii ya changu, aliyepikwa kwa vitunguu na nyanya kama alivyokuwa akipikiwa na mama yake.

"Eloy, kimbia sokoni kwa Chano, yule muuza samaki," Shangazi Reme alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi, akimfunga roli za nywele. "Urta wangu ameshaniwekea tangu jana na kila kitu tumeshamalizana. Sema tu umetumwa na Reme. Tunakula saa tisa, na samaki yule anahitaji muda jikoni. Usikawie."

Eloy alichukua mfuko akashuka. Ilikuwa saa nne.

Sokoni, mbele ya meza ya Chano, kulikuwa na watu kama ishirini, lakini foleni hakuiona. Huyu alikuwa ameegemea nguzo, yule ameketi kwenye kreti, akina mama wawili walikuwa wakisimuliana habari za harusi. Chano mwenyewe, mtu mnene mwenye aproni ya mistari, alikuwa akikata samaki huku akipiga soga na wote kwa pamoja. Eloy alitafuta kile kimashine cha kutoa karatasi yenye namba, kama kilichokuwepo kwenye duka kubwa la mjini ambako mama yake alikuwa akimpeleka. Hakukiona. Kijijini kwao nako hakuna soko la kupanga foleni, kwani muuza mkate hupita na gari lake akigonga mlango kwa mlango.

Akasimama kando ya barafu, akangoja aitwe.

Mara akaja bwana mwenye kofia. "Wa mwisho?" aliuliza, herufi nusu zikipotelea kooni.

"Mimi hapa," alijibu mama mmoja bila kugeuka, na bwana yule akaenda zake kununua zeituni.

Akaja mwanamke mwenye kitoroli. "Wa mwisho?"

"Mimi," akaitikia bwana wa kofia, aliyekuwa bado kwenye zeituni.

Eloy alishtuka. Samaki wa mwisho! Kwa hiyo samaki wanakwisha, na watu hawa wanagombea wa mwisho. Lakini mbona mezani bado wamejaa tele? Na huyu anayesema "mimi" mbona hachukui? Hakuelewa kitu.

"Nani anafuata?" Chano aliuliza. Eloy akavuta pumzi ajibu, lakini mama mwingine akawahi: "Mimi, moyo wangu, nikatie nusu kilo." Bwana wa kofia, aliyekuja baada ya Eloy, akahudumiwa. Mwanamke wa kitoroli akahudumiwa. Hakuna aliyemtazama. Eloy akahisi machozi yanamlenga. Wamejua mimi si wa hapa, aliwaza, ndiyo maana wananiruka.

Alikuwa amesimama pale karibu saa nzima aliposikia sauti aliyoifahamu.

"Redio!" Noelia alikuwa anapita na baba yake, kapu la matikiti mkononi. "Mbona leo umezimwa?"

Watu wawili watatu wakacheka. Eloy akageuka, akatoka sokoni mbio, mfuko mtupu ukimpiga miguuni.

Njia nzima alitafuta la kusema. Angeweza kusema, "Shangazi, nimeshindwa kuomba." Maneno matatu tu, lakini kila alipoyajaribu alihisi uso wake ukiwaka. Mtu wa miaka kumi na miwili kashindwa kuchukua samaki aliyekwisha kuwekwa! Alipofungua mlango, mdomo wake ukatoa maneno mengine kabisa.

"Hakuna urta. Chano amemuuza kwa mtu mwingine."

Shangazi Reme aliweka kisu chini. Vitunguu vilikuwa vimeshakatwa, nyanya zilikuwa zimeshamenywa. "Amesema hivyo Chano? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, Shangazi. Amesema wa mwisho ameshanunuliwa."

"Miaka ishirini na sita nanunua kwake! Na anajua leo ni siku gani!" Shangazi akatoka kwenye roshani. Eloy alijua kitakachofuata lakini hakumzuia. "Paqui! Paqui, umesikia? Chano ameuza samaki wa Mama!"

"Wa siku ya kuzaliwa?" Bi Paqui alipiga ukelele kutoka roshani ya mkabala. "Mwenye miaka tisini? Hana haya mtu huyu! Mimi kwake sikanyagi tena!"

"Nani huyo? Chano?" sauti nyingine ikauliza kutoka juu. "Kwani kafanya nini?"

Habari ikashuka ngazi, ikavuka njia, ikafika kona ya duka la magazeti kabla shangazi hajamaliza kuvua aproni. Kisha akachukua pochi, akabamiza mlango, akaenda.

Bibi Encarna alikuwa kwenye kiti chake, roli kichwani, mikono juu ya mapaja.

"Usihuzunike, mwanangu," alimwambia Eloy. "Mimi yai linanitosha. Ila Chano..." Akautazama mlango. "Nilipovunjika nyonga, alikuwa ananiletea supu ya samaki mpaka hapa juu, ghorofa ya tatu, kila Jumatano. Sijui nimemkosea nini. Labda tumemchosha sisi wazee."

Eloy alimtazama bibi yule mchangamfu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitania kila mtu, sasa macho yamemlowa. Hakuweza kuvumilia tena.

"Bibi, Chano hakusema kitu. Mimi sikuongea naye hata kidogo." Akaeleza yote: barafu, saa nzima, watu waliomruka, Noelia. "Walikuwa wanaulizana samaki wa mwisho, mimi nikawa sijui nifanyeje."

"Walikuwa wanaulizana nini?"

"Wa mwisho. Kila anayekuja anauliza, 'Wa mwisho?' Halafu mtu anasema, 'Mimi.'"

Bibi Encarna alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, roli zikitikisika kichwani.

"Jamani, mtoto wa watu! Si samaki wa mwisho. Mtu wa mwisho! Ukifika unauliza wa mwisho kwenye foleni ni nani, na wewe unakuwa nyuma yake. Usipouliza hujaingia foleni. Wewe ni mtu tu anayepunga upepo wa barafu!" Akajifuta machozi, na kicheko kikamwisha ghafla. "Lakini hilo la kutokujua si kosa. Lile ulilosema baadaye ndilo kosa, na Reme yuko njiani kwenda kumvunjia mtu heshima kwa ajili yake. Una miguu?"

"Ninayo, Bibi."

"Itumie."

Eloy alishuka ngazi tatu tatu. Alikimbia bila kusimama mpaka sokoni, na kabla hajaingia alishaisikia sauti ya shangazi yake.

"...miaka ishirini na sita, Chano! Hata aibu ya kumwambia mtoto usoni huna!"

Watu walikuwa wameacha soga. Bwana wa kofia, ambaye hakuwa ameondoka bado, alikuwa anatazama viatu vyake. Akina mama wawili walichukua vikapu vyao, wakahamia meza ya muuzaji wa upande wa pili, na Chano aliwaona wakienda. Alisimama na kisu mkononi, uso umemwiva, akijaribu kusema, "Reme, nisikilize, Reme," lakini shangazi hakumpa nafasi.

Eloy alijipenyeza mpaka mbele. Macho yote yalimgeukia, na ya Noelia yalikuwemo, kwani baba yake alikuwa bado ananunua. Alitamani sana kurudi alikotoka.

"Shangazi," alisema. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, na safari hii kila herufi ilisikika mpaka kwenye meza za nyama. "Shangazi, nimesema uongo. Bwana Chano hakuniambia kitu chochote. Nilisimama hapa, nikaona haya kuuliza, nikarudi nyumbani nikamsingizia."

Hakuna aliyecheka. Chano aliinama, akafungua sanduku chini ya meza, akatoa furushi kubwa la karatasi. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu nene: ENCARNA, 90.

"Kumbe ulikuwa wewe!" Chano alimwambia Eloy. "Nilikuona. Nikadhani umekuja kupoza joto tu. Watoto wengi hufanya hivyo Agosti."

Shangazi Reme alilitazama lile furushi. Hasira ilimtoka yote, ikabaki aibu. "Chano, nisamehe," alisema. "Nimekutukana mbele za watu, na nakuomba radhi mbele ya watu haohao. Nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kupiga kelele."

"Reme, umenikera, siwezi kukudanganya," Chano alijibu, akijifuta jasho kwa mkono. "Lakini yamekwisha." Alinyoosha mkono ampe furushi, kisha akalirudisha mezani. "Hapana. Aliyetumwa ni kijana. Achukue yeye, na foleni ni foleni."

Eloy akaelewa. Akageuka kuwatazama watu.

"Wa mwisho ni nani?" aliuliza kwa sauti, bila kumeza hata silabi moja.

"Redio imewashwa!" Noelia alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Safari hii Eloy naye alicheka.

"Mimi hapa," alisema mzee mmoja aliyekaa kwenye kreti. "Karibu nyuma yangu, kijana."

Alingoja zamu yake, nyuma ya watu sita, huku shangazi akiwa kando yake. Walipofika nyumbani hakumruhusu kuketi. Alimshika bega, akampeleka mpaka kwenye roshani.

"Mtaa mzima unamsema Chano vibaya hivi sasa," alimwambia. "Siwezi kukusafishia mimi. Ulichokiharibu kwa mdomo wako, kitengeneze kwa mdomo huohuo."

Basi Eloy akashika chuma cha roshani, akaita, "Bi Paqui! Majirani! Chano hana kosa. Ni mimi niliyedanganya!" Madirisha yakafunguka. Bi Paqui akamgombeza kwa dakika nzima, kisha akamuuliza kama urta umepatikana. Habari ikashuka ngazi na kuvuka njia kama ile ya kwanza, ingawa polepole zaidi, na siku tatu baadaye bado kulikuwa na watu ambao haikuwafikia. Kwa kila mmoja wa hao Eloy ilibidi aeleze upya.

Walikula saa kumi badala ya saa tisa. Chano alifunga biashara akaja na chupa ya mvinyo, akakaa karibu na Bibi Encarna, ambaye aliomba kichwa cha samaki na kukila chote. Aliponyonya mfupa wa mwisho, alimwelekezea Eloy uma.

"Sikiliza, mgeni. Aibu ya kuuliza ingekuisha kwa dakika moja. Umeificha kwa uongo, na tazama: Chano amepoteza wateja, Reme ametukana rafiki, mimi nimelia siku ya kuzaliwa kwangu. Usipojua, sema hujui. Ukishindwa, sema umeshindwa. Hapa kwetu watakucheka, sikufichi, lakini wakishamaliza kucheka watakuonyesha."

"Nimesikia, Bibi."

"Na herufi zako zote usiziache. Mimi sisikii vizuri, na wewe ndiye peke yako ninayekuelewa nyumba hii."

Jumamosi iliyofuata shangazi alimtuma tena. Alifika, akauliza, akajibiwa, akaegemea nguzo kama wengine. Punde akaja mwanamke mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Alitazama huku na huku akitafuta foleni, asiione, kisha akaenda kusimama kando ya barafu bila kusema neno.

Eloy akainua mkono.

"Mama, wa mwisho ni mimi," alisema. "Wewe uko nyuma yangu."