Sare Ndogo Kuliko Zote

Kila Jumamosi Kidoti alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, huku mama akikimbizana na kazi za wateja. Mwaka huu hapakuwa na wa kumkimbiza. Sare za darasa la kwanza, ambazo mama huzishona mapema kabla shule hazijafunguliwa, zilibaki zimetundikwa ukutani zikila vumbi. Watoto walioandikishwa walikuwa wachache mno.

"Watu hawazai siku hizi," mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Tukienda hivi, nitafunga duka."

Maneno hayo yalimkaa Kidoti rohoni, akakosa raha kabisa. Mbona shangazi yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, ameolewa zamani na hana mtoto hata wa dawa? Basi shangazi alipopita kusalimia, Kidoti akaitungua sare ndogo kuliko zote na kumpa mbele ya wateja wachache waliokuwepo.

"Shangazi, hii ya mtoto wako. Fanya haraka, umechelewa."

Wateja wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliiweka sare mezani, akaaga na kuondoka, chai yake ikiwa haijaguswa.

Mama hakumchapa. Alisema tu, "Umemgusa pabaya, mwanangu."

Jumamosi iliyofuata shangazi hakuja. Kila viatu viliposikika nje, Kidoti aliinua kichwa. Je, kama hatakuja tena? Mwishowe alishindwa kuvumilia, akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Ingia."

Kilikuwa chumba kimoja: kitanda, jiko, meza. Humo ukikohoa, jirani anakupa pole. Shangazi alimketisha kitandani, akaketi kando yake.

"Nimewahi kubeba mimba, ikaharibika," shangazi alisema. "Bado inaniuma. Halafu mimi na mume wangu tunapishana mlangoni kwa zamu za kazi. Mtoto tungemlaza wapi, na nani angemshika?"

"Na wengine, shangazi?"

"Kila mtu na lake. Mwenzangu kazini bado anasoma. Mwingine anaye mmoja, ametosheka. Bibi yako alizaa wanane akazika watatu, kwa hiyo alizaa wengi kwa hofu ya kuwapoteza. Siku hizi watoto wanachanjwa, wanapona, na wanawake tunasoma na kupanga. Nchi nyingi ziko hivyo. Usimtafute wa kumlaumu."

Kidoti alilia. "Lakini duka la mama litafungwa."

"Kumbe ndilo lililokusumbua?" Shangazi alimfuta machozi kwa kiganja. "Sisi wauguzi nasi tunavaa sare, na zetu zinatupwaya kama magunia. Twende kwa mama yako."

Mama alipomwona mlangoni alishusha pumzi. "Karibu, wifi. Tusamehe."

"Yameisha, wifi. Nipime, kisha nitakuletea wenzangu."

Mama alimpa Kidoti utepe wa kupimia. "Mimi simshonei mtu nguo kabla sijampima," alisema. "Nawe usimsemee mtu maisha yake kabla hujayajua. Muulize kwa adabu, na asipotaka kujibu, mwache."

"Nimeelewa, mama."

Walipomaliza, shangazi alitazama ukutani. "Ile ndogo nipe, nikaitunze."

Kidoti aliitungua, akaipangusa vumbi, akaikunja na kumpa kwa mikono miwili. Safari hii hakusema neno.