Nyuki Waliohama Mzinga wa Papa Donat

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kahindo aliwawekea nyuki wa baba yake, Papa Donat, maji katika beseni. Mzinga ulikuwa nyuma ya nyumba yao, kule mtaa wa Lac Vert, juu ya meza ambayo miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya mafuta machafu ya gari. Siafu akifika pale, safari imekwisha.

Asubuhi moja hakuna nyuki aliyekuja kunywa. Ndani ya mzinga, siafu walikuwa wakijipakulia asali kama wageni wa harusi.

"Nyuki wamehama!" Papa Donat alifoka. "Nyuki hawakai penye ugomvi. Jana jirani Mama Fabiola alitutukana hapa kwa sababu ya mbuzi wetu kuingia kwake, wakasikia. Kuanzia leo mutu asimusalimie!"

Ndivyo walivyoamini wazee wa kwao: nyuki wakisikia matusi, hufunga mizigo.

Kahindo alitazama chini ya meza. Makopo yalikuwa makavu. Juzi aliyamimina mafuta yote kwenye magurudumu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kaka yake Benny, ili yeye Kahindo awashinde wenzake katika mbio za mteremkoni. Papa hakutazama chini. Hasira ilikuwa imempeleka macho moja kwa moja hadi uani kwa jirani.

"Nyamaza tu," Benny alinong'ona. "Mama Fabiola ana mdomo, atajitetea."

"Atajitetea kwa nani, na hatumsalimii?"

Mchana, Kahindo alipotoka shule, alimkuta Mama Fabiola kwenye ua wao, akisalimu. "Jambo, Papa Donat!" Papa akajifanya anakagua msumari wa mzinga. Mama wa watu akaondoka kichwa chini.

Kahindo hakungoja tena.

"Papa, ni mimi. Mafuta ya makopo niliyatia kwenye chukudu."

"Yote?"

"Yote, Papa. Na nikashinda."

"Hata haya huna!"

"Ninayo, Papa. Ndiyo maana ninasema. Twende kwa Mama Fabiola, nimwambie mwenyewe."

Wakaenda. Mama Fabiola alisikiliza mikono kiunoni, kisha akaangua kicheko.

"Muingie, mutazame muti wangu wa avoka!"

Kwenye tawi la mparachichi huo, nyuki walikuwa wamening'inia kama ndevu za mzee.

"Tangu asubuhi nataka kuwaambia. Lakini mutu anayezungumza na msumari, nitamwambia nini?"

Kahindo aliufagia mzinga, akawafukuza siafu, akajaza makopo mafuta mapya. Jua lilipopoa, Papa alilikung'uta tawi juu ya kapu, akawabeba nyuki hadi mzingani, nao wakaingia kwao wakivuma.

"Wazee walisema nyuki hukimbia ugomvi ili sisi tuishi vizuri na majirani," Papa alisema. "Mimi nimeyachukua maneno yao nikamtwika jirani kosa. Nisamehe, Mama Fabiola. Na wewe Kahindo, ulikosa kweli. Lakini ungenyamaza, ningewatafuta nyuki hadi mbali kule Sake, kumbe walikuwa hapa jirani, kwa mtu niliyekataa kumsalimia. Ukikosa, sema siku ileile, kabla mwingine hajaumia."

"Amesema vizuri," Mama Fabiola akadakia. "Sasa mufunge ule mbuzi."