Bati Lililoitika Hodi

Jumatano, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, baba mdogo alinituma gereji kumalizia lile gari kuukuu. Lilibaki bati moja tu, la kizingiti, chini ya mlango wa dereva.

"Lichomelee leo leo," alisema, akifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Na usipige hodi."

Nilidhani ananitania. Pale gereji hakuna fundi anayeziba uwazi wa bodi bila kugonga bati kwa nyundo na kusema hodi. Ni masihara, lakini yana kazi: kama umesahau spana au kitambaa ndani, mlio utakuambia. Aliyeyaanzisha ni baba yangu. Gari lilikuwa lake, gereji pia, mpaka siku alipoondoka. Baba mdogo alimwambia mama kwamba kaka yake kafuata mwanamke. Mama akaamini. Tangu hapo, nyumbani kwetu baba anaitwa "yule".

Nami, na shahada yangu ya uhandisi iliyokosa ajira, nikawa fundi wa baba mdogo.

Nikalipachika bati. Nikalikaza kwa vibanio, nikapima upenyo wa mlango juu na chini, nikachomelea nukta za kulishikilia. Likakaa sawasawa. Lakini lile bati bovu la zamani baba mdogo alikuwa ameling'oa mwenyewe, peke yake, geti amelifunga. Mimi ni mtu wa kurudi mara mbili kuhakikisha kama nimezima jiko. Ningewezaje kuziba uwazi ambao sijausikiliza?

Nikagonga.

"Hodi."

Nikatega sikio. Halafu, kutoka ndani ya bati, taratibu: ngo. Ngo. Ngo.

"Karibu, mama."

Nyundo ilinitoka. Ni mtu mmoja tu aliyeniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Harufu ikapanda kutoka kwenye tundu la kutolea maji, pale chini ya bati. Haikuwa kutu. Ilikuwa sabuni na mafuta ya taa, vile alivyokuwa akinawa mikono kila jioni.

Nikamulika tundu kwa simu. Ndani kulikuwa na glavu yake ya kuchomelea, ya kushoto, imejazwa kitu, imekazwa kwa waya penye kifundo cha mkono.

Vidole vilikuwa vinajikunja.

"Baba?" nikanong'ona. "Uko wapi?"

"Njiani. Nyumba naiona... miguu haifiki."

"Nilikuambia usipige hodi!"

Baba mdogo alikuwa amesimama getini. Hakusogea karibu.

"Umemfanya nini baba yangu?"

"Nilimfunga asirudi, basi. Sikumuua." Alisema kama anayedai ashukuriwe. "Ziba, mwanangu. Kwa miaka yote hii... anayerudi si yule aliyeondoka."

Nikawasha grinda. Cheche ziliruka, nukta zikaachia moja moja, bati likaanguka. Nikaitoa glavu, nikakata waya kwa koleo. Ikanywea mkononi mwangu, tupu kabisa. Nikaitupa chini.

Nilipomulika chini, haikuwepo.

Nilikimbia, nikampita baba mdogo pale getini. Nyumbani nilikuta mlango umefungwa kwa komeo, nasi huwa hatufungi mapema hivyo. Mama alifungua kidogo, akanivuta ndani.

"Yule kaja."

"Umemwona?"

"Nimeona mkono tu, kwenye upenyo. Kavaa glavu. Anabisha hodi kama vile alitoka jana kununua chumvi!"

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Arudi huko huko alikokuwa. Na amchukue na huyo mdogo wake, wote damu moja."

"Akasemaje?"

"'Haya, mke wangu.'" Mama akacheka kicheko kikavu. "Leo ndiyo amejua kunisikiliza."

Nikamweleza yote. Gari, glavu, waya.

"Umevuta moshi mwingi wa kuchomelea," alisema. "Kalale."

Asubuhi nilikwenda gereji. Bati lilikuwa limerudishwa mahali pake, limechomelewa mwanzo hadi mwisho. Mshono wake ulilala kushoto, magamba madogo yamepangana kama ya samaki. Pale gereji aliyechomelea hivyo alikuwa mmoja tu, na alitumia mkono wa kushoto.

Tundu la maji lilikuwa limezibwa. Nikaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa bado la moto.

Kando ya mlango wa dereva vilikuwepo viatu vya baba mdogo, vimevuliwa na kupangwa vizuri, kama vya mgeni aliyekaribishwa ndani.

Sikugonga. Nilirudi nyumbani, nikamshika mama mkono, nikampeleka mpaka kwenye lile gari. Nikamkabidhi nyundo.

"Piga hodi," nikamwambia. "Mimi nilimfungulia. Wewe ndiye uliyemrudisha humo."