Vipande Ndani ya Kopo la Vifungo

Cherehani ilianza kulia chumba cha pili, na fundi mwenyewe alikuwa amelala chali, kitambaa chenye maji baridi kimemfunika macho.

"Wifi!" alifoka. "Nani kakutuma uguse cherehani yangu?"

"Mimi niko uani nafua," wifi yake alijibu. "Lala bwana. Daktari kasema utulie, nyuzi zisije zikaachia."

Fundi alisonya. Tangu apasuliwe kope kila mtu alimfanya mtoto, na hilo hakuliweza. Kope zilikuwa zimelegea hadi akawa haoni tundu la sindano, ndipo daktari akapunguza ngozi iliyozidi na kushona. Na yeye, ukaidi ule, akadai vipande vyake! Kwake mteja haachi masalio kwa fundi. Tena aliyeleta kitambaa pungufu alirushiwa usoni: "Hakitoshi, lete kingine!" Basi daktari akacheka, akamfungia vipande kwenye pamba, naye akaviweka ndani ya kopo la vifungo.

Sasa akasikia kopo likifunguliwa. Vifungo vikamwagika sakafuni.

"Wifi, nitakuzaba kibao, wallahi!"

"Wifi..." Sauti ilinong'ona nje ya dirisha, ikitetemeka. "Mimi niko huku. Huyo aliyekaa kwenye cherehani yako ni nani?"

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na fundi, hofu ikimpanda lakini hasira ikiwa imeshatangulia, akainuka, akakitupa kile kitambaa, akafumbua macho yaliyovimba, yakamchoma kama yametiwa pilipili, akaona kupitia machozi kiumbe kirefu mlangoni, macho yake makavu, mekundu, hayana kope kabisa, macho ambayo hayajawahi kulala, na juu ya moja kimeshonewa kipande cha ngozi kwa uzi wa cherehani, kifupi, hakifiki hata nusu ya jicho.

"Mwizi mkubwa we! Rudisha changu, utoke nyumbani kwangu!"

Jini lile lilimsogelea. Lilivua futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake, futi ya fundi mwenyewe, likamlaza taratibu, likampima jicho pembe hadi pembe. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nje wifi alikuwa akipiga mayowe.

"Hakitoshi," lilisema. "Lete kingine."

Mkasi ukafunguka. Kwa woga fundi akafumba macho, kope zikakunjuka kama kitambaa, na hilo ndilo jini lilikuwa likilisubiri.