Chungubaridi cha Mzee Kimambo

Haya ni kweli tupu, hata nukta haikuongezwa. Asiyeamini aende Same akaulize.

Mwaka 2094 Same lilikuwa jiji la maghorofa, ila jua lake lilikuwa lile lile la kukaanga mayai juu ya bati. Kwenye baraza ya ghorofa ya arobaini, chungu kilikuwa kikitembea. Kilikuwa na miguu sita, ngozi inayotoa jasho kama mtungi, na jicho la kupimia joto. Jua likisogea, nacho kinakimbilia kivulini. Mzee Kimambo, fundi mstaafu wa majokofu, alikibuni mwenyewe akakiita chungubaridi.

Ndani yake lilikaa sikilameni, ua la nchi za baridi linaloota kwenye kiazi, petali zimekunjwa nyuma kama masikio ya mbuzi aliyeshtuka. Mwenye ua alikuwa jirani wa mzee, Bi Nakijwa, Mpare wa Usangi, aliyekwenda Mwezini kufanya kazi mwaka mmoja. Ua hilo aliachiwa na marehemu mama yake. Alimwomba mtani wake huyo Mchaga: "Litunze kwa mkono wako. Joto likija litapukutisha majani na kulala. Likilala, acha kulinywesha."

Kimambo alicheka kimoyomoyo. Lilale kwa sababu gani, na chungu kinalipatia nyuzijoto kumi na tatu mwaka mzima? Chungu kiligawa maji na mbolea. Kiliiga hata sauti ya mzee, kikawa kinatuma salamu Mwezini kila Ijumaa: "Leo nimeligusa, mtani. Ni zima." Kimambo akabaki na kahawa yake. Ua lilichanua Julai, likachanua Oktoba, likachanua Januari, mpaka nyuki wakaanza kupeana zamu.

Machi likapukutika lote kwa siku moja. Wiki hiyo hiyo Bi Nakijwa akarudi.

"Mara ya mwisho umeligusa lini?"

"Jana asubuhi, mtani."

"Haya, kiazi chake kimezama au kinachungulia?"

Kimambo akakitazama chungu. Kifuniko kinachoziba udongo wake kilikuwa kimefungwa. "Kimezama. Umeona wapi kiazi kinaota jua?"

"Hiki! Nusu yake iko nje tangu enzi za mama. Wachaga nyie, hata uongo mnaagiza dukani!" Kisha sauti ikashuka. "Na zile salamu? Nani alikuwa anaongea na mimi?"

"Chungu."

"Mwaka mzima, Kimambo, nilikuwa naisubiri Ijumaa."

Bi Nakijwa alifungua kifuniko, akakitoa kiazi, akakibonyeza. Upande mmoja ulikuwa umeoza kwa maji. Mwingine bado mgumu. Alikata uliooza, akapaka jivu kidonda, akakilaza kwenye mchanga mkavu.

"Faini ya utani," akasema. "Hicho kidude chako kizime. Kila Ijumaa utakuja kwangu kwa miguu yako, ubonyeze, uniambie kwa mdomo wako. Miezi mitatu."

"Mitatu yote?"

"Minne. Umebishana."

Ijumaa ya kwanza Kimambo alinawa, akapenyeza kidole gumba mchangani kwa woga, kama anayemgusa mtoto mchanga.

"Kigumu."

"Unaongopa."

"Haki ya Mungu, mtani, kigumu!"

Bi Nakijwa akabonyeza mwenyewe kwanza, ndipo akamvutia kiti.